Ufunguo na Taa Nyekundu

Kijana mmoja wa Masisi, mwanafunzi wa shule ya ufundi, ametuletea swali fupi. Lori la baba yake haliwaki asubuhi ila kwa kusukumwa au kuachiwa mteremkoni, na tangu majuma machache taa nyekundu ya oili hukawia kuzimika hata injini ikiisha kunguruma. Auliza: “Tuanze kutibu ugonjwa upi?” Twamjibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa sababu katika nchi yetu ya milima na misitu lori lina wenyewe wengi. Hubeba chumvi ya kijiji kizima, mbao za seremala, mwalimu anayerudi kazini, na mtaji wa mama wengi. Likilala njiani, hao wote wamelala pamoja nalo.

Neno la kwanza kwake ni hili: asikimbilie kuhesabu magonjwa mawili. Kuwaka kwa injini na presha ya oili ni ndugu wa nyumba moja, na mara nyingi mmoja huugua, mwingine ndiye anayelalamika. Jambo hilo sisi tulifundishwa njiani, tukiwa tumekaa juu ya magunia.

Mwaka 2018 tulipanda lori pale Sake, tukielekea Masisi. Msomaji asiyezijua sehemu hizi na afahamu kwamba Sake iko kwenye pembe ya Ziwa Kivu, yapata kilometa 25 magharibi ya Goma. Hapo barabara huliacha ziwa na kupanda kwenda Mushaki, ikiingia katika milima ya malisho yenye vilele vipitavyo mita 2,000, nchi ya maharagwe, viazi na ile jibini iuzwayo Goma. Shehena yetu ilikuwa chumvi, sabuni, unga, na magunia sita ya sambaza waliokaushwa. Mwenye sambaza alikuwa mama mjane wa upande wa Nyabiondo. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imemfikia, akainunulia samaki wale fedha yote, bila kubakiza hata faranga moja ya ada ya watoto, kwa kuwa ada yenyewe ilikuwa ndani ya samaki.

Mvua ilitukamata Mushaki, tukalala pale. Dereva, mzee mwenye miaka mingi katika njia ile, hakuizima injini usiku kucha. Tulipomwuliza sababu, alijibu: “Mwalimu, nikiizima leo, kesho nitaiamsha na nini? Betri zimechoka. Hii ni wiki ya tano nalala nayo hivi.” Asubuhi, kwa ajili ya baridi, alitupa nafasi mbele sisi na yule mama, tukaondoka. Hatukupita kona ya tatu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Mzee aliigonga kioo chake kwa kidole, akasema, “Taa hii ni mwongo.” Mama akamtazama, akamwambia kwa upole, “Baba, kama ni mwongo, mbona umetoka jasho na baridi hii?” Mzee akacheka kidogo, akaegesha kando, akazima injini. Twasema wazi kwamba neno lile la mama ndilo lililoiokoa.

Fundi alipanda kutoka Sake kwa pikipiki. Alikuwa kijana, nasi tulidhani ataanza mara moja kufungua nati. La. Aliomba kitambaa safi, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Sote tulitazamia kuona oili imepungua. Kumbe ilikuwa imezidi alama ya juu kwa vidole viwili! Fundi aliisugua kati ya kidole na kidole, akainusa, akamgeukia dereva: “Mzee, hii si oili tena. Huu ni mchuzi.”

Hapa tumwache fundi na vidole vyake, tueleze kwanza jambo ambalo pasipo hilo maneno yake hayaeleweki.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha moto kama injini ya petroli. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyeifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo ambalo kila mtoto mwenye pampu ya baiskeli amelishika kwa mkono: hewa ikibanwa upesi hupata moto. Ndani ya silinda pistoni huibana hewa mpaka inabaki sehemu moja ya 16 au hata ya 20 ya nafasi yake ya kwanza, na joto lake hupita digrii 500. Ndipo nozeli inyunyizapo mazutu, nayo hushika moto yenyewe. Lakini pistoni ikipanda polepole, hewa hupata nafasi ya kuvujia pembeni, na joto huliwa na chuma baridi. Moto hauji. Kwa hiyo injini isiyozungushwa kwa nguvu haitawaka hata kama mazutu ni safi na nozeli ni mpya. Tena katika milima yetu, kwenye kimo cha mita 2,000, mgandamizo wa hewa ni kama sehemu nne tu kati ya tano za ule wa pwani, na alfajiri ni za baridi. Lori lile lile liwakalo kwa neno moja kule Walikale penye joto, Masisi hutaka kubembelezwa.

Basi jambo la kwanza ni kusikiliza stata, ambayo kwetu Kongo wengi waiita demarere. Je, yazungusha injini kwa uvivu, au yaizungusha vizuri lakini injini haishiki? Hizo ni njia mbili zisizokutana, na mtu akiingia njia isiyo yake atamaliza fedha.

Ikizunguka kwa uvivu, watu wote husema, “Betri.” Huenda ni kweli, lakini na ipimwe. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, kipimo huonyesha kama volti 25. Stata ikizunguka, kipimo kikianguka chini ya 18, betri ni dhaifu, au stata yenyewe yala umeme kupita kiasi. Lakini betri zikibaki na volti 21 au 22, na bado stata yajikokota, umeme wapotelea njiani. Hapo mafundi wengi hukosea. Waya mnene uendao kwenye stata huutazama. Ule mwingine wa kurudi, ufungao mwili wa injini na chesisi na betri, huusahau. Nao hukaa chini penye matope, hutikiswa kilometa zote, hushika kutu. Pima kati ya ncha ya hasi ya betri na mwili wa injini wakati stata inapozunguka: isizidi nusu volti hivi. Asiye na kipimo na agusekwa uangalifu viungo vya waya baada ya kujaribu stata. Kiungo chenye moto kuliko vingine ndicho mgonjwa.

Ikiwa injini yazunguka kwa nguvu lakini haishiki, macho yaende kwenye bomba la moshi. Pasipotoka moshi wowote, mazutu hayafiki. Ukitoka moshi mweupe wenye kuchoma macho, mazutu yafika lakini hayaungui: baridi, mbano uliopungua kwa uchakavu, au majira ya kunyunyiza yaliyopotoka. Moshi mweusi wadai hewa, na chujio la hewa lililojaa vumbi ndilo la kwanza kushitakiwa.

Mazutu yasiyofika yana sababu nyingi za aibu. Tangi tupu ni ya kwanza, wala msomaji asicheke. Kifunga-mazutu kilichonasa ni nyingine. Chujio lililoziba, na maji, ndiyo ya kila siku huku kwetu, kwa sababu mazutu mengi hununuliwa katika madumu kwa wale wauzaji wa kando ya njia tuwaitao kadhafi, au hutolewa katika pipa lililosimama mvuani. Maji ni mazito kuliko mazutu. Pipa likiachwa limetulia usiku mmoja, maji hukaa chini, na mwenye busara hateki mpaka sakafuni. Vile vile mazutu huvutwa, na palipo na kiungo kilicholegea hewa huingia bila tone moja kutoka nje. Kwa injini za zamani hewa hiyo hutolewa kwa pampu ndogo ya mkono na kwa kulegeza skrubu ya chujio mpaka mapovu yaishe. Lakini tuwaonye vijana: malori ya siku hizi yenye mfumo wa bomba moja la pamoja huwa na presha ipitayo bar 1,000. Nati zake hazilegezwi kamwe injini ikizunguka. Mnyunyizo mwembamba kama uzi hupenya ngozi ya mkono, na jeraha lake laonekana dogo siku ya kwanza tu. Wala hatuwasifu wale wawashao moto wa kuni chini ya injini wakati wa baridi, juu ya matone ya mazutu na karibu na waya.

Mwezi wa Februari 2024, mapigano ya karibu na Sake yalipoikata njia ya Goma na Masisi, malori yalisimama. Lori lililosimama majuma mengi hupata hayo yote kwa pamoja: betri hulala, maji hukusanyika ndani ya tangi, kutu hushika viungo. Basi lisiamshwe kwa kuvutwa na lori jingine kabla ya kutazamwa.

Sasa twende kwa oili. Kranki, yaani ule mtaimbo mzito unaogeuzwa na pistoni, haikai juu ya chuma kitupu. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili isukumwayo na pampu kati yake na beringi. Presha ikiondoka, utando hukatika, chuma hugusa chuma, na kazi ya dakika chache huharibu mali ya miaka. Kwa injini nyingi za malori, presha ikiwa bar 1 hivi penye moto wa polepole, na bar 3 mpaka 5 lori likiwa njiani, hakuna neno. Kitabu cha aliyeitengeneza ndicho chenye kusema kweli yake.

Taa ikiwaka, zima injini kwanza, uliza baadaye. Kisha kijiti. Oili ikiwa pungufu, ongeza na utafute inakovuja. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya kupoza yameingia, nawe usiwashe tena. Ikiwa imezidi na ni nyepesi yenye harufu ya mazutu, ni kama ile ya Mushaki. Kama kijiti hakina la kushitaki, usinunue pampu ya oili bado. Fungua kile kipande kidogo cha umeme kinachopeleka habari kwenye taa, funga mahali pake saa ya presha ya kweli, na uwashe kwa muda mfupi. Tumeona injini nzima ikifunguliwa kwa kosa la kipande kile, ambacho bei yake hailingani hata na ya chujio.

Na saa ya kweli ikithibitisha kwamba presha ni ndogo, itazamwe tabia yake. Presha iliyo njema asubuhi na kuanguka lori likipata moto hushitaki oili nyepesi au beringi zilizolika. Inayopotea penye mlima tu na kurudi penye tambarare husema oili imepungua, pampu inavuta hewa. Iliyo njema polepole na kushuka ukikanyaga mafuta huonyesha kwamba wavu wa kuvutia oili, ulio ndani ya bakuli la chini ya injini, umezibwa na tope jeusi. Vali ya kupunguzia presha nayo yaweza kunaswa na takataka ikabaki wazi. Hatimaye likatwe chujio la oili, na makunjo yake yatandazwe juani. Chembe zinazoshikwa na sumaku ni chuma. Zile zing'aazo zisizoshikwa mara nyingi zimetoka kwenye beringi, na zikiwa na rangi ya shaba, ngozi ya juu ya beringi imekwisha.

Turudi Mushaki. Fundi aliuliza swali moja tu: “Mzee, kwa nini hukuizima usiku?” Aliposikia habari za betri alichukua kipimo chake. Betri zilizosingiziwa kufa zilikuwa na volti 25 na zaidi, na stata ilipozungushwa hazikushuka chini ya 21. Waya wa kurudi kwenye chesisi ulipofunguliwa, chini ya nati yake palikuwa na ukoko wa kutu mnene kama sarafu. Huo ndio uliokuwa ugonjwa. Stata ilizunguka kivivu kwa ajili ya kutu. Dereva akaogopa kuzima. Injini ikanguruma polepole wiki tano za usiku wa baridi. Na injini iliyo baridi, yenye moto mdogo, haiunguzi mazutu yote. Mabaki huteremka kwenye kuta za silinda, huosha oili yake, na kujikusanya chini. Baadaye, Masisi, ilionekana pia kwamba nozeli mbili zilikuwa zinachuruzika, nazo ziliongeza maji katika mchuzi ule. Kungekuwa na sababu nyingine ya kutafuta, nayo ni utando uliopasuka ndani ya pampu ndogo ya mazutu, lakini wake ulikuwa mzima.

Oili yote ilimwagwa katika madumu. Pikipiki ilishuka kuleta oili ya 15W-40 na chujio jipya. Fundi alilijaza chujio oili kabla ya kulifunga, akavuta kifunga-mazutu ili injini isiwake, akaizungusha kwa stata mpaka taa ikazimika. Ndipo akaiachilia iwake. Iliwaka kwa mguso mmoja. Mzee hakusema neno. Alisimama akiutazama waya ule.

Mwaka uliofuata tuliona kinyume chake. Tulikuwa tumeshuka kutoka Nyabiondo kupitia Kashebere na Kibua mpaka Mpofi, katika ile njia ya msitu iendayo Walikale. Ni njia ambayo msomaji atapima ubaya wake kwa jambo hili: miaka ya 2000, huko Kilambo karibu na Mubi, kipande cha barabara kilifanywa kiwanja cha ndege, na madini ya Bisie yakapanda ndege kwenda Goma. Kupita Mpofi tulikuta lori limelala kando. Wenyewe walisema stata imekufa. Walikuwa wameagiza nyingine, ikaletwa kwa pikipiki siku tatu, wakaifunga, nayo ikagonga mara moja na kunyamaza kama ile ya kwanza. Mzee mmoja wa pale, aliyewahi kuendesha malori, aliomba spana ndefu, akaishika nati ya puli mbele ya injini, akajaribu kuigeuza kwa mikono. Haikusogea hata unene wa ukucha. Injini ilikuwa imeshikana. Chini ya dashibodi, waya wa taa ya oili ulikuwa umekatwa kwa kisu. Dereva wa kabla yao alichoshwa na mwanga wake.

Basi kijana wetu wa Masisi afanye hivi. Kwanza asilisukume lori wala kuliachia mteremkoni mpaka amechomoa kijiti na kunusa oili. Akiona imezidi, aimwage kabla ya lolote. Oili iliyozidi hivyo yaweza hata kuvutwa ndani ya silinda, na injini ikakimbia yenyewe bila kusikia ufunguo. Pili, aigeuze injini kwa mkono. Tatu, asafishe ncha zote za waya mnene, ule wa kurudi kwanza, kisha apime betri stata ikizunguka. Nne, akope saa ya presha. Amwulize pia baba yake, kwa heshima, kama lori huachwa likinguruma usiku au wakati wa kupakia. Jibu hilo laweza kumwokolea kazi ya siku mbili.

Twaulizwa na watu wa nyumbani habari za yule mama wa sambaza. Tulikaa Mushaki siku mbili. Turubai ilivuja, magunia mawili yakalowa, akayauza pale pale kwa bei ya hasara. Manne yalifika Nyabiondo. Tulipokutana naye mwaka 2019 alituambia kwamba wa kwanza alilipiwa ada yote muhula ule, na wa pili nusu.

Kijana akiisha kupima, na atuandikie tarakimu tatu: volti za betri stata ikizunguka, kimo cha oili kwenye kijiti, na presha penye moto wa polepole injini ikiwa imepata joto. Tutazisoma pamoja naye katika ukurasa huu.